Padri Placide Tempels: Mgeni Aliyejifunza Kukaa na Watu

Katika siku hizi za Yubilei, ambamo parokia yetu ya Kapata inamshukuru Mungu kwa mema yote aliyoitendea, tumeona vema kuweka ndani ya kitabu hiki habari za maisha ya Padri Placide Tempels, wa shirika la Wafransiskani. Si yeye aliyeanzisha parokia yetu, wala hatutaki kumpa sifa isiyo yake. Lakini alifanya kazi pa Kolwezi, katika kambi za wafanyakazi zilizo ndugu za kambi yetu. Tena swali lililomsumbua miaka mingi ni swali letu sisi wakaaji wa Kapata: mtu aliyetoka mbali afanye nini ili mahali papya pawe kwake nyumbani? Maana wengi wetu tulizaliwa na wazee walioletwa huku na kazi ya shaba. Walitoka Kasai, walitoka Lomami, walitoka kwa Walunda na kwa Watshokwe, na kila mmoja alifika na lugha yake na desturi zake. Basi maisha ya Padri huyu ni fundisho kwetu.

Ujana wake na kufika kwake Kongo

Alizaliwa tarehe 18 Februari 1906 pa Berlaar, katika nchi ya Ubelgiji, upande wa watu wasemao Kiflamanji. Jina alilopewa na wazazi wake ni Frans. Mwaka 1924 aliingia kwa Wafransiskani, akapewa jina la Placide; na mwaka 1930 alipata daraja takatifu la upadri. Mwaka 1933, akiwa na umri wa miaka 27, alitumwa Kongo, akawekwa katika misioni za Katanga ya kaskazini, kwa Waluba wa upande wa Kamina na Kabondo-Dianda.

Kazi yake ilikuwa kazi ya kila mmisionari wa siku zile: kutembelea vijiji kwa miguu au kwa baisikeli, kufundisha dini, kubatiza, kuangalia masomo ya watoto, kuamua maneno ya ndoa. Hakuwa mvivu. Alijifunza Kiluba akakijua vizuri. Hata hivyo yeye mwenyewe, alipokuwa mzee, alikiri kwa kuandika kwamba miaka ile ya kwanza aliishi kama bwana mkubwa. Alisema, watu wakasikiliza. Aliagiza, watu wakatii. Aliamini kwamba yeye ameshika yote na kwamba watu weusi ni chombo kitupu kinachongoja kujazwa. Lakini aliona kwamba maneno yake hayakushuka moyoni. Mkristu alisali naye asubuhi, na usiku alikwenda kwa mganga. Padri alikuwa na nyumba, alikuwa na kazi, alikuwa na heshima. Lakini baada ya miaka mingi alikuwa angali mgeni.

Vitabu na marafiki

Ndipo alipoanza kuuliza. Alikusanya mezali za Kiluba, alisikiliza hukumu za wazee barazani, alitafuta maana ya majina, ya dawa, ya kilio cha mauti. Tena hakutafuta peke yake. Alisoma maandiko ya Emile Possoz, hakimu Mbelgiji aliyechunguza sheria za asili za Wakongo. Aliandikiana barua na Padri Gustaaf Hulstaert, Mmisionari wa Moyo Mtakatifu, aliyekaa mbali kwa Wamongo, upande wa Coquilhatville, mji tunaouita leo Mbandaka. Watu hawa walikuwa mbali naye kwa safari ya majuma mengi, lakini kwa njia ya barua na vitabu walikuwa jirani zake. Mmoja alimsifu, mwingine alimkosoa, na yote mawili yalimfaa.

Matunda ya kazi hiyo ni kitabu chake juu ya filosofia ya Kibantu. Alikiandika kwa Kiflamanji; mwanasheria Antoine Rubbens akakigeuza kwa Kifaransa, nacho kikatoka mwaka 1945 pa Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo. Mafundisho yake, kwa ufupi, ni haya: kwa Mbantu, kuwa ndiyo kuwa na nguvu ya uzima. Nguvu hiyo yatoka kwa Mungu, yapita kwa wazazi wa kwanza na kwa wazee, hata kufika kwa watoto; nayo yaweza kuongezeka ao kupunguka. Kwa hiyo mtu hayuko peke yake kamwe. Uzima wake umefungwa na uzima wa wengine. Kwa siku zile lilikuwa neno kubwa. Wazungu wengi walisema kwamba mtu mweusi hana fikara zilizopangwa; na hapa mmisionari mzungu alitangaza kwamba anazo, tena za kale.

Tukumbuke na hali ya nchi. Desemba 1941 wafanyakazi wa Union Minière waliodai mishahara walipigwa risasi na askari pa Elisabethville, wengi wakafa. Vita ya ulimwengu iliwatwika watu wetu kazi nzito. Padri Tempels aliandika pia katika magazeti juu ya haki za wenyeji, na maandiko hayo yaliwachoma wakubwa wengi. Mgr Jean-Félix de Hemptinne, Mbenediktini, aliyekuwa askofu wa Elisabethville, alikipinga kitabu chake kwa nguvu. Mwaka 1946 Padri alirudi Ubelgiji, akakaa huko mpaka mwaka 1949.

Lakini kitabu kilikuwa kimekwisha kuvuka bahari. Mwaka 1949 Alioune Diop, Mwafrika wa Senegali, alikichapisha pa Paris katika nyumba ya Présence Africaine. Padri Alexis Kagame wa Rwanda alikichukua kama mwanzo, akaandika mwaka 1956 uchunguzi wake mwenyewe, uliotegemea lugha ya Kinyarwanda. Wengine hawakukubali. Aimé Césaire wa Martinique aliona kwamba kusifu filosofia ya mtu bila kumpa haki yake ya mshahara na ya ardhi kwaweza kuwapendeza wakoloni. Baadaye Paulin Hountondji wa Benin aliuliza kama ni sawa mgeni mmoja aseme kwa niaba ya mabantu wote. Maulizo hayo yana uzito, nasi hatuyafichi.

Pa Kolwezi

Mwaka 1953 Padri Tempels aliwekwa pa Kolwezi, katika kambi za Union Minière upande wa Ruwe na Musonoi. Mahali hapo palikuwa papya kwake kabisa. Hapakuwa kijiji chenye mfalme na wazee wake. Nyumba zilipangwa kwa mistari, kengele ya kazi iliita asubuhi na usiku, posho ilipimwa na Kampuni, na jirani wa kulia hakujua lugha ya jirani wa kushoto. Tangu mwaka 1928 hivi Kampuni ilikuwa imeanza kuwakubali wafanyakazi wakae na bibi na watoto wao, ili wasikimbie kazi. Kwa hiyo jamaa zilikuwa nyingi. Watu walikaa pamoja, lakini kukaa pamoja si kujuana.

Hapa ndipo tunapoona neno kubwa la maisha yake. Angeweza kufika na kitabu chake mkononi, na kuwafundisha watu wa kambi namna Wabantu walivyo. Hakufanya hivyo. Alitambua kwamba kuchunguza watu ni jambo moja, na kukutana nao ni jambo lingine. Mwenye kuchunguza hubaki nje, kama mtu anayetazama nyumba kwa dirisha. Anaona vyombo, hapewi kiti. Basi aliketi na wafanyakazi na bibi zao, jioni baada ya kazi, akawauliza wanataka nini katika maisha. Majibu yalikuwa yaleyale katika kila lugha: kuwa na uzima, kuzaa, kupenda na kupendwa. Naye akawajibu kwamba yeye pia, mzungu na padri, anataka hayohayo. Siku hizo ndizo alizoanza kuwa mwenyeji.

Kutoka kwa mazungumzo hayo ilizaliwa Jamaa. Mambo matatu yalikuwa msingi wake: uzima, uzazi, mapendo. Bwana na bibi yake waliingia pamoja, wala si mmoja bila mwenziwe. Hilo nalo lilikuwa jambo jipya, maana wanaume wengi wa kambi hawakuzoea kuketi na bibi zao kusemezana mambo ya moyo na ya Mungu. Waliitana baba na mama, na Padri naye waliita Baba Placide. Hapakuwa na orodha ya wanamemba, wala karte, wala mchango wa lazima. Mtu aliingia kwa kufundishwa polepole na wale waliotangulia. Mluba wa Kasai alikula kwa Mlunda, Msanga alilia msiba wa Mtshokwe. Na kwa kuwa Kampuni iliwahamisha wafanyakazi toka kambi hata kambi, Jamaa ilisafiri nao mpaka Likasi, Lubumbashi na Kasai. Aliyehamishwa alipofika kambi mpya alitafuta kwanza baba na mama wa Jamaa, akapata kwao mahali pa kuketi kabla hata ya kujua njia ya soko.

Mwisho wake

Mwaka 1962 Padri Tempels alirudi Ubelgiji, mwenye afya dhaifu. Mwaka uleule kilitoka pa Léopoldville kitabu chake kidogo kiitwacho Notre rencontre, ndiyo kusema kukutana kwetu, ambamo alieleza njia aliyopita: kwanza bwana mkubwa, kisha mwenye kuchunguza, mwishoni ndugu. Hakurudi tena kukaa Kongo.

Nyuma yake Jamaa ilikua, lakini ilipata pia matata. Vikundi vingine viliacha mafundisho ya Kanisa na kufuata siri zao wenyewe, na watu wakaviita Katete. Mwaka 1973 maaskofu wa nchi yetu, iliyoitwa wakati ule Zaire, walitoa maonyo makali na kuwataka wakristu wa Jamaa warudi katika utii. Wako waliotii, wako waliotengana na Kanisa. Si kazi yetu kuhukumu mioyo. Watu wa elimu nao waliandika juu ya Jamaa, kama Johannes Fabian mwaka 1971 na Padri Willy De Craemer mwaka 1977. Mwaka huo wa 1977, tarehe 9 Oktoba, Padri Tempels alifariki pa Hasselt, akiwa na umri wa miaka 71.

Fundisho kwetu

Ndugu wapendwa, hatuandiki haya ili kupamba kurasa. Mwaka 1992 na 1993, hapa pa Kolwezi na katika Katanga nzima, jirani alimfukuza jirani kwa sababu ya asili yake. Watu wa Kasai, wengi wao waliozaliwa katika kambi hizi, walilala siku nyingi kwenye stesheni wakingoja treni, na watoto walikufa njiani. Yalitokea miaka 40 tu baada ya Baba Placide kuketi na mababa na mamama wa lugha zote pa Ruwe. Walikuwa wamefanya kazi pamoja, wamesoma masomo yaleyale, wamesali Misa moja. Kwa hiyo tunajua sasa kwamba kazi hailetei mtu makao peke yake, wala vitabu, wala hata kiti kimoja kanisani. Udugu ulioanzwa na wazee hauwarithishi watoto kama nyumba. Sharti kila kizazi kiuanze tena.

Na leo wageni wangali wanafika. Kobalti inawaita vijana kutoka pande zote za nchi, nao wanapanga vyumba karibu na nyumba zetu. Yubilei yetu itakuwa na maana kama, baada ya ngoma na karamu, kila nyumba ya Kapata itajua jina la mgeni aliye jirani yake, na kijiji alichotoka, na neno analolitafuta katika maisha. Baba Placide alitumia miaka 20 kujifunza swali hilo. Sisi tumelipokea bure. Basi tuliulize, bwana na bibi pamoja, tangu jioni hii.