Ibn Battuta na Mnara wa Iskandaria

Sisi watu wa pwani twamjua Ibn Battuta kwa usiku mmoja aliolala Mombasa mwaka 1331, akaona misikiti ya mbao na watu wakitawadha miguu kabla ya kuingia, kisha akatweka kwenda Kilwa. Lakini mimi moyo wangu humwandama zaidi Ibn Battuta wa Iskandaria, aliyeuzuru mnara mmoja mara mbili.

Alizaliwa Tangier, nchi ya Moroko, mwezi 17 Rajabu 703, sawa na Februari 25, 1304, katika ukoo wa makadhi. Mwaka 1325, naye ana miaka 21, aliwaaga wazazi wake wote wawili wakiwa hai, akashika njia ya Hija peke yake. Mwaka uliofuata akaingia Iskandaria.

Mnara wa taa wa mji huo ulijengwa na wafalme wa Kiyunani wa Misri katika karne ya tatu kabla ya kuzaliwa Nabii Isa, na kimo chake chakadiriwa kupita mita 100. Tetemeko la mwaka 1303 lilikuwa limeutikisa, na kijana wetu aliukuta ubavu mmoja umebomoka. Hakutosheka kuutazama kwa mbali. Mlango ulikuwa juu, ukifikiwa kwa mbao zilizolazwa kutoka jengo la mkabala. Mbao zikiondolewa, hakuna aingiaye. Akaingia, akapaona mahali pa bawabu, akapima kwa shibiri: ujia shibiri 9, unene wa ukuta 10, na kila upande wa mnara 140.

Kisha dunia ikamchukua: Maka, Yemeni, pwani yetu, Delhi alikokuwa kadhi, visiwa vya Maldives na, kwa masimulizi yake, hata Uchina. Aliporudi Iskandaria mwaka 1349, mnara ulikuwa umeporomoka hata mlango wake haukufikika. Sultani al-Nasir Muhammad alikuwa ameanza kujenga mwengine mkabala nao, akafa mwaka 1341 kabla haujesha. Na mwaka huo huo wa 1349, kabla hajafika kwao, msafiri akapata habari kuwa mama yake amekufa kwa tauni. Baba alikuwa ametangulia zamani. Aliyorudia yote mawili, mnara na wazazi, aliyakosa.

Mwaka 1355 safari zake zilikamilika kuandikwa mjini Fez, yeye akisimulia na Ibn Juzayy akiandika. Mwaka 1477 Sultani Qaitbay alianza kujenga ngome pale pale penye magofu ya mnara, na ngome hiyo ingali imesimama.

Msomaji, ile misikiti ya mbao ya Mombasa nayo haipo. Twaijua kwa kuwa mgeni wa usiku mmoja aliiangalia vizuri. Basi wewe mwenyeji, ukipita penye msikiti wa kale au nyumba ya mawe inayomeguka, usingoje mgeni. Chukua kamba, upime, uandike, ungali umesimama ukuta. Mola amrehemu Ibn Battuta.