Maisha ya Daktari Leader Stirling

Wazee wa Masasi na Newala wanalijua jina la Daktari Leader Stirling, lakini inafaa vijana nao waijue kazi yake. Alizaliwa Uingereza mwaka 1906, akajifunza udaktari London, na mwaka 1935 akaja Tanganyika kwa kazi ya misheni ya UMCA. Akakaa Lulindi, katika njia itokayo Masasi kwenda Newala.

Siku zile wagonjwa walitengwa kwa rangi zao. Katika Dar es Salaam Mzungu aliuguzwa hospitali ya Ocean Road, kando ya bahari, naye Mwafrika alipelekwa Sewa Haji. Na hayo yalikuwa ya mjini. Mtu wa uwanda wa Makonde alikuwa mbali na zote mbili. Stirling akafanya hospitali ya miti, udongo na nyasi, akapasua wagonjwa humo, tena akawafundisha Waafrika kazi ya uuguzi. Mwaka 1949 akahamia Mnero, akaendelea na kazi ile ile.

Lakini huruma ya daktari mmoja haipiti pale mkono wake unapofika. Mpaka uliowekwa na watawala hauna budi kuondolewa na watawala. Basi mwaka 1958 Stirling aliingia katika Baraza la Kutunga Sheria. Uhuru ukapatikana mwaka 1961, na kutenga wagonjwa kwa rangi kukakoma. Hata hivyo fedha ilibaki mlangoni kama bawabu. Mwaka 1975 Rais Nyerere alimfanya Waziri wa Afya, na mwaka 1977, yeye akiwa waziri, ikatungwa sheria ya kukataza hospitali za watu binafsi za kutafuta faida. Hospitali za makanisa ziliruhusiwa kuendelea. Sheria ile ililegezwa mwaka 1991.

Stirling aliacha uwaziri mwaka 1980, akafariki mwaka 2003. Maisha yake yatufundisha neno moja: sheria huufungua mlango, lakini haimchukui mgonjwa begani. Tangu mwaka 1984 Katiba yetu inayo hati ya haki, nayo inakataza kumbagua mtu kwa rangi au kabila au dini yake. Basi ninyi walimu wa vijijini, wafundisheni watu haki hiyo. Na mgonjwa asiyeweza kutembea, mchukueni.