Sawamura: Dogo aliyemzima Babe Ruth, mkono wake ukaishia vitani

KWENYE soka timu ikilala 1-0, kesho yake vijiweni anatajwa mfungaji. Kipa aliyeokoa michomo kibao anasahaulika kabla chai haijapoa. Ila Japan kuna mechi moja ya besiboli ya mwaka 1934 iliyoisha 1-0, na hadi leo anayetajwa ni yule aliyefungwa.

Jina lake ni Eiji Sawamura. Siku ile alikuwa na miaka 17 tu. Miaka kumi baadaye alikufa baharini akiwa mwanajeshi, na mkono uliompa jina ulikuwa umeshaisha kabla yake.

Kwa shabiki ambaye besiboli huiona kwenye filamu tu, kazi ya mrushaji ni rahisi kuielewa. Anasimama katikati ya uwanja, mbele yake kuna mpigaji mwenye kigongo. Anamrushia mpira, yule anajaribu kuupiga. Mpigaji akikosa mara tatu, anatoka. Ni kama penalti, wawili wanatazamana na uwanja mzima umenyamaza. Tofauti ni kwamba mechi ina raundi tisa, na ili timu imalize kazi lazima iwatoe wapigaji 27. Mrushaji akiwa mzima, penalti zote hizo ni zake.

KINDA WA ISE
Sawamura alizaliwa Februari 1, 1917 kwenye mji wa Ujiyamada, ambao siku hizi unaitwa Ise, mkoa wa Mie. Alisoma sekondari ya biashara jijini Kyoto, na huko ndiko alikoanza kusumbua.

Japan wana mashindano ya shule za sekondari yanayochezwa kwenye Uwanja wa Koshien, karibu na Osaka. Chukua UMISSETA, kisha jaza uwanja mkubwa mashabiki elfu kwa maelfu na nchi nzima ifuatilie redioni. Hapo ndipo dogo alipojulikana. Alikuwa ananyanyua mguu wa kushoto juu sana kabla ya kurusha, halafu mkono wa kulia unashuka kutoka juu kama shoka. Alikuwa na silaha mbili. Ya kwanza ni mpira wa kasi. Ya pili ni mpira unaokuja vizuri, kisha unazama ghafla ukikaribia kigongo. Wapigaji wa shule nyingine walikuwa wanakula patupu.

Mwaka 1934 tajiri wa gazeti la Yomiuri, Matsutaro Shoriki, aliwaleta Japan mastaa wa Marekani kwa ziara. Akataka kikosi cha Wajapan cha kuwakabili, na jina la Sawamura likawemo. Kulikuwa na kikwazo. Tangu 1932 Wizara ya Elimu ilizuia wanafunzi kucheza na wachezaji wa kulipwa. Sawamura alikuwa na ndoto ya kwenda kuchezea Chuo Kikuu cha Keio. Ikabidi achague. Akaacha shule, akasaini.

Uamuzi huo ulimpa jina kubwa. Pia ndio uliokuja kumgharimu, maana wakati ule vijana waliokuwa vyuoni waliruhusiwa kuahirisha jeshi. Yeye hakuwa na chuo cha kujifichia.

SIKU YA SHIZUOKA
Msafara wa Marekani uliongozwa na kocha mzee Connie Mack. Ndani yake alikuwemo Babe Ruth, ambaye kufikia hapo alikuwa ameupiga mpira nje ya uwanja zaidi ya mara 700 kwenye ligi yao. Alikuwemo pia Lou Gehrig, Jimmie Foxx na Charlie Gehringer. Wote wanne majina yao yapo kwenye jumba la heshima la besiboli ya Marekani.

Wamarekani hawa walikuwa wanagawa vipigo tu. Timu ya Wajapan haikuwafunga hata mechi moja katika ziara nzima. Sawamura mwenyewe alionja, kwani kwenye mechi nyingine za ziara ile alipigwa mabao ya kutosha.

Ikaja Novemba 20, 1934, Uwanja wa Kusanagi, mji wa Shizuoka. Raundi ya kwanza, Gehringer akatolewa kwa kukosa mara tatu. Akafuata Ruth, naye chali. Raundi ya pili akaanza Gehrig, akatoka. Akaja Foxx, akatoka. Wababe wanne mfululizo, wametolewa na kijana ambaye wiki chache nyuma alikuwa mwanafunzi.

Mechi ikaenda 0-0 hadi raundi ya saba. Hapo Gehrig akaupata mpira mmoja sawasawa, akaupeleka nje ya uwanja. Bao moja, na ndilo lililoamua mechi. Sawamura alimaliza mechi ile amewatoa wapigaji tisa kwa kukosa, na amepoteza. Japan nzima ikamshangilia kama bingwa, kwa sababu kwa mara ya kwanza iliona kwamba mabwana wakubwa wanaweza kuzuilika.

GIANTS NA TIGERS
Kikosi kile hakikuvunjwa. Shoriki alikigeuza klabu ya kulipwa, na mwaka 1935 ikaenda Marekani na kucheza zaidi ya mechi 100. Huko ndiko ilikopata jina la Tokyo Giants. Leo ni Yomiuri Giants, klabu yenye mashabiki wengi na maadui wengi kuliko zote Japan.

Ligi ya kulipwa ilianza 1936, na mapema tu ikazaliwa dabi. Giants wa Tokyo dhidi ya Tigers wa Osaka, mechi ambayo hadi leo inasimamisha miji miwili kama Simba na Yanga wanavyosimamisha Dar es Salaam. Septemba 25 mwaka huo, Sawamura aliwanyamazisha Tigers. Kwa mechi nzima hakuna mpigaji wao aliyeweza kufika kituo cha kwanza kwa kuupiga mpira wake. Ilikuwa mara ya kwanza jambo hilo kutokea kwenye ligi ya kulipwa ya Japan. Mei 1937 akalirudia, tena kwa Tigers haohao.

Msimu wa machipuko wa 1937 ndio uliokuwa wake hasa. Alishinda mechi 24 na kupoteza nne. Kwa wastani alikuwa anaruhusu chini ya bao moja kwa kila raundi tisa, 0.81 kwa hesabu kamili. Akachaguliwa mchezaji bora wa ligi, wa kwanza kabisa kupewa heshima hiyo. Alikuwa na miaka 20.

JESHI LAMWITA
Mwaka huohuo Julai, vita kati ya Japan na China ikaanza. Januari 1938 Sawamura akaitwa jeshini.

Jeshi halikuwa na haja ya mpira wake unaozama. Lilimtaka kwa kitu kingine. Mtu anayerusha mpira vile, wakubwa wake waliona, anaweza kurusha bomu la mkono mbali kuliko wenzake. Akarusha, tena na tena. Mpira wa besiboli una uzito wa gramu 140 na ushee. Bomu la mkono lina uzito mara tatu au zaidi ya huo. Bega la kulia likaumia. Huko China akapigwa risasi mkono wa kushoto, na malaria ikamshika.

Aliporudi 1940, mashabiki walimtafuta Sawamura wao uwanjani wakamkosa. Ule mkono wa kushuka kama shoka haukupanda tena. Akaanza kurusha kwa pembeni. Hapo ndipo uone akili ya mchezaji. Bila kasi ya zamani, Julai 1940 aliibana Nagoya mechi nzima bila kupigwa. Ilikuwa mara ya tatu. Safari hii hakutegemea nguvu, alitegemea kujua udhaifu wa kila mpigaji.

Mwaka 1941 akaoa. Mwaka huohuo jeshi likamwita tena, likampeleka Ufilipino. Akarudi 1943 akiwa amechoka zaidi. Sasa alirusha kwa chini, mkono ukipita karibu na goti. Wapigaji ambao zamani walikuwa wanatetemeka wakimwona, sasa walikuwa wanajipigia tu. Msimu ule hakushinda mechi hata moja, akapoteza tatu. Mwanzoni mwa 1944 Giants wakamtema. Klabu iliyojengwa juu ya mgongo wake ilimwonyesha mlango akiwa na miaka 27.

Miezi michache baadaye jeshi likamwita mara ya tatu. Alikuwa na mke na binti mdogo. Desemba 2, 1944, meli iliyobeba wanajeshi ilikuwa njiani kuelekea Ufilipino ilipopigwa torpedo na nyambizi ya Marekani, karibu na kisiwa cha Yakushima. Mtu aliyejulikana kwa kuwazima Wamarekani aliuawa na Wamarekani, na bahari haikuurudisha mwili wake.

Hakuwa peke yake. Masaru Kageura, mpigaji hatari wa Tigers aliyekuwa mbaya wake mkubwa kwenye dabi, aliuawa Ufilipino mwaka 1945. Vita iliwamaliza kutoka pande zote mbili.

TUZO NGUMU
Mwaka 1947 Giants waliistaafisha jezi namba 14. Mwaka huohuo ikaanzishwa Tuzo ya Sawamura, inayopewa mrushaji bora wa msimu. Mwaka 1959 jina lake likaingizwa kwenye jumba la heshima la besiboli ya Japan, likiwa miongoni mwa ya mwanzo. Pale Kusanagi zipo sanamu mbili zinazotazamana. Moja ni yake, nyingine ni ya Babe Ruth.

Tuzo yake ni ngumu kuipata. Waamuzi wanaangalia ushindi, idadi ya wapigaji waliotolewa, raundi alizorusha, na kama mrushaji anamaliza mechi mwenyewe bila kubadilishwa. Asipopatikana anayestahili, haitolewi. Mwaka 2019 hakuna aliyeichukua. Yoshinobu Yamamoto aliibeba mara tatu mfululizo, 2021 hadi 2023, kisha akahamia Los Angeles Dodgers.

Sawamura mwenyewe alimaliza na ushindi wa mechi 63 tu. Zipo orodha ndefu za warushaji wa Japan waliozidisha idadi hiyo mara mbili na hata mara tatu, na wengi wao hawakumbukwi. Zake ziliishia hapo kwa sababu miaka ambayo mrushaji huwa kwenye kilele, yeye aliitumia kurusha mabomu.