Beryl Markham: Binti wa Njoro na ndege iliyoundiwa safari ya Atlantiki

MIAKA mingi imepita tangu Beryl Markham aage dunia jijini Nairobi, lakini jina lake lingali linatajwa kila panapozungumzwa historia ya urubani, ya mbio za farasi na ya walowezi wa Bonde la Ufa.

Wengi wanamkumbuka kama mwanamke wa kwanza kuvuka Bahari ya Atlantiki peke yake kwa ndege, bila kutua, akitoka Uingereza kuelekea magharibi. Hiyo ilikuwa Septemba 1936.

Kisichosimuliwa sana ni habari ya chombo chenyewe. Ndege aliyoitumia haikuchukuliwa dukani ikiwa tayari. Iliagizwa maalumu, ikaundwa na mafundi kwa miezi kadhaa, na kila tangi lililoongezwa humo lilikuwa na bei yake. Tangi moja nusura limtoe roho.

Beryl alizaliwa mwaka wa 1902 katika kijiji cha Ashwell, Uingereza. Baba yake, Charles Clutterbuck, alikuwa mfunzi wa farasi aliyehamia Kenya mwaka wa 1904. Baada ya muda alipata shamba Njoro, karibu na Nakuru.

Mama yake hakustahimili maisha ya huko. Alirejea Uingereza pamoja na kaka yake Beryl, naye Beryl akaachwa na baba akiwa bado mtoto mdogo sana.

Malezi yake yakawa ya shambani. Alicheza na watoto wa familia za Wanandi na Wakipsigis waliofanya kazi hapo, akajifunza lugha yao pamoja na Kiswahili, akatembea peku na kufuata wawindaji msituni akiwa na mkuki. Rafiki yake mkubwa alikuwa mvulana aliyeitwa Kibii, ambaye baba yake, arap Maina, alikufa katika Vita vya Kwanza vya Dunia.

Shamba hilo lilikuwa pia shule ya mitambo. Clutterbuck alijenga kinu cha kusaga nafaka na kiwanda cha mbao, na nguvu ya kuviendesha ilitoka kwa injini kuukuu za mvuke alizozinunua na kuzitia kazi mpya. Hivyo mtoto huyo alikua akiona kwamba chuma kilichochoka kwa kazi moja, kikipata fundi mwenye akili, huanza maisha mengine.

Wakazi wa Nakuru wa leo hawahitaji kuelezwa jambo hilo. Wanajua gereji ambako gari la miaka ya sitini huingia likivutwa kwa kamba na kutoka likinguruma, bodi ni ile ile ya zamani ilhali injini, springi na breki ni mpya. Wanajua pia kwamba gari la namna hiyo si sawa na lile lililotoka kiwandani. Ukiongeza nguvu upande mmoja, udhaifu hujitokeza upande mwingine, na mwenye gari asiyejua kilichobadilishwa huujua siku ya ajali.

Baada ya Vita vya Kwanza ukame uliikumba nchi. Clutterbuck alikuwa amejifunga kwa mikataba ya kuuza unga kwa bei iliyokwisha kupangwa, na bei ya nafaka ilipopanda alifilisika. Shamba likauzwa, naye akaenda Peru.

Beryl, ambaye tayari alikuwa ameolewa mwaka wa 1919 akiwa na umri wa miaka 16, alibaki. Akiwa na miaka 18 alipata leseni ya kufunza farasi wa mashindano, jambo ambalo halikuwa la kawaida kwa mwanamke wakati huo. Alifanya kazi hiyo Molo na Nakuru, na mwaka wa 1926 farasi wake Wise Child alishinda mbio za St Leger jijini Nairobi.

Kibii, aliyepewa jina la arap Ruta alipokuwa mtu mzima, alikuja kufanya kazi naye, kwanza kwenye mazizi ya farasi na baadaye kwenye kiwanja cha ndege.

Hapa ndipo ukweli wa Kenya ya kikoloni unapojitokeza waziwazi. Watoto hao wawili walijifunza kutupa mkuki pamoja, lakini ardhi ya Njoro ilikuwa imetengewa Wazungu, na mmoja tu kati yao ndiye aliyeweza kuota kuwa rubani. Mwenzake aliitwa mtumishi. Sifa za Beryl ni za haki, ila haziwezi kuhesabiwa bila kuitaja hesabu hiyo.

Mwaka wa 1931 Beryl alianza kujifunza urubani jijini Nairobi chini ya Tom Campbell Black, mmoja wa marubani hodari wa Afrika Mashariki. Mwezi wa Mei mwaka huo huo rafiki yake, Denys Finch Hatton, alifariki ndege yake ilipoanguka Voi. Kifo hicho hakikumzuia.

Campbell Black hakufundisha kushika usukani tu. Alitaka mwanafunzi wake aijue injini, aweze kuifungua, kuisafisha na kuisikiliza. Mwaka wa 1932 Beryl aliiendesha ndege yake ndogo aina ya Avro Avian hadi Uingereza, safari iliyojaa matatizo ya injini. Mwaka wa 1933 alipata leseni ya kurusha ndege kibiashara.

Kazi zilizofuata zilikuwa za hatari. Alipeleka barua na dawa kwenye migodi ya dhahabu ya Kakamega, akabeba abiria, na akawa akitafuta makundi ya ndovu kutoka angani kwa niaba ya wawindaji, akiwemo Bror Blixen. Injini ikizima juu ya nyika, msaada ulikuwa mbali kwa siku nyingi za kutembea.

Ndipo alipojitokeza John Carbery, tajiri aliyekuwa na shamba Seremai, Nyeri, na ambaye mwenyewe alikuwa rubani. Carbery alikuwa akiundiwa ndege mpya nchini Uingereza, aina ya Percival Vega Gull, akikusudia kuiingiza katika mashindano ya kutoka Uingereza hadi Johannesburg mwishoni mwa Septemba 1936. Alimwahidi Beryl kwamba angemwazima ndege hiyo kwanza, mradi avuke Atlantiki kwenda magharibi.

Upande huo ulikuwa mgumu kuliko ule wa mashariki. Upepo wa Atlantiki ya Kaskazini huvuma zaidi kutoka Amerika kuelekea Ulaya, kwa hiyo anayekwenda magharibi hupigana nao njia nzima, na mafuta humwishia mapema. Amelia Earhart alikuwa amevuka peke yake mwaka wa 1932 akisukumwa na upepo. Jim Mollison alivuka kwenda magharibi mwaka huo huo, lakini alianzia Ireland, ambako bahari ni fupi.

Kazi ya kuunda ndege ilifanywa katika karakana ya Edgar Percival, Mwaustralia aliyekuwa na kiwanda chake Gravesend, kusini mashariki mwa Uingereza. Vega Gull ilikuwa ndege ya mbao na kitambaa, yenye viti vinne na injini ya Gipsy Six ya mitungi sita, nguvu za farasi 200.

Kwa kawaida ndege ya aina hiyo ilikuwa na uwezo wa kusafiri maili 660 hivi. Ile ya Carbery, kama Beryl alivyoandika baadaye, iliongezewa uwezo hadi kufikia takriban maili 3,800. Siri yake ilikuwa matangi. Mengine yaliwekwa ndani ya mabawa, na mengine yakajazwa katika chumba cha abiria, kumzunguka rubani.

Beryl alifika karakanani mara kwa mara kuona kazi ikiendelea. Hakuwa mteja wa kungoja kukabidhiwa ufunguo. Alikuwa rubani aliyetaka kujua bomba gani linatoka wapi na kwenda wapi.

Kila kitu kilipimwa kwa uzito wa mafuta. Ndege haikuwa na redio. Matangi ya ziada hayakuwa na vipimo vya kuonyesha kiasi kilichobaki. Kila moja lilikuwa na koki yake, na utaratibu ulikuwa kuliacha tangi likauke kabisa, injini inyamaze, kisha kufungua koki ya tangi linalofuata. Rubani alipaswa kuvumilia ukimya huo juu ya bahari akiamini kwamba injini itawaka tena.

Hata koti la kujiokolea majini Beryl aliliacha, akapendelea nguo za kumkinga na baridi.

Jioni ya Septemba 4, 1936, baada ya kungoja hali ya hewa kwa siku kadhaa, aliondoka katika uwanja wa jeshi la anga wa Abingdon, ambao njia yake ya kurukia ilikuwa ndefu ya kutosha kwa ndege iliyosheheni mafuta. Ndege iliitwa The Messenger, yaani Mjumbe, na ilikuwa na namba ya usajili ya Kenya, VP-KCC. Mollison alikuwa amemwazima saa yake ya mkononi.

Usiku ulikuwa wa mvua na upepo mkali wa mbele. Tangi la kwanza lilipokauka, injini ilizima kama ilivyotarajiwa, na ndege ikaanza kushuka kuelekea mawimbi huku Beryl akipapasa gizani akitafuta koki. Injini iliwaka tena ikiwa imekwisha kushuka karibu na maji.

Asubuhi ilimkuta angali angani. Baadaye aliiona nchi kavu ya Kanada, na hesabu zake zikamwonyesha kwamba tangi la mwisho lina mafuta ya kumfikisha uwanja wa karibu. Lakini injini ilianza kukohoa, ikakatika, ikawaka, ikakatika tena.

Sababu ilikuwa ndogo mno. Tangi lolote linahitaji tundu la kuingizia hewa ili mafuta yaweze kutoka. Mama yeyote anayetoboa kopo la maziwa jikoni analijua hilo: tundu likiwa moja, maziwa hugoma kumiminika, ni lazima kutoboa la pili. Baridi ya Atlantiki iliziba kwa barafu tundu la hewa la tangi la mwisho. Mafuta yalikuwemo, ila injini haikuyapata.

Alitafuta mahali pa kutua, akashuka katika eneo la Baleine, kisiwa cha Cape Breton. Ardhi aliyoiona kuwa tambarare ilikuwa kinamasi. Magurudumu yalizama, ndege ikachomeka pua matopeni, naye akaumia kichwani. Alikuwa amekaa angani kwa saa 21 na dakika 25.

Lengo lake lilikuwa New York, kwa hiyo mwenyewe alihisi ameshindwa. Dunia haikuona hivyo. Alipofikishwa New York alipokewa kwa shangwe kubwa.

Furaha hiyo haikudumu. Septemba 19, Campbell Black aliuawa huko Liverpool, ndege nyingine ilipomgonga kiwanjani akiwa ndani ya ndege yake, naye alikuwa akijiandaa kwa mashindano yale yale ya Johannesburg. Mbio hizo zilishindwa na Vega Gull nyingine, ndugu ya ile iliyoharibika Kanada, na ilikuwa ndege pekee iliyofika mwisho.

Kuhusu Mjumbe, Beryl anasimulia katika kitabu chake kwamba iliuzwa kwa tajiri mmoja wa Dar es Salaam aliyejua kuirusha bila kujua kuitunza. Iliachwa nje kiwanjani, injini ikaliwa na kutu na mabawa yakapinda.

Kitabu hicho, West with the Night, kilichapishwa mwaka wa 1942. Ernest Hemingway alikisifu katika barua yake ya faragha, lakini wasomaji hawakukijali sana wakati wa vita. Kilichapishwa upya Marekani mwaka wa 1983 na kikapendwa mno. Mjadala ulizuka iwapo mume wake wa tatu, Raoul Schumacher, ndiye aliyekiandika, na waandishi wa maisha ya Beryl wametofautiana kuhusu suala hilo.

Yeye alikuwa amekwisha kurejea Kenya baada ya vita na kuanza tena kufunza farasi, ikiwemo Naivasha. Alishinda mbio za Kenya Derby mara sita. Hata hivyo, uzee ulimkuta akiwa hana mali nyingi, akiishi katika nyumba ndogo karibu na uwanja wa mbio za farasi wa Ngong. Mauzo ya kitabu ndiyo yaliyompunguzia dhiki miaka ya mwisho.

Alifariki Agosti 3, 1986, akiwa na umri wa miaka 83, mwezi mmoja tu kabla ya kutimia miaka 50 tangu safari yake.

Wanaanga wameipa kreta moja ya sayari ya Zuhura jina la Markham. Huku nyumbani, anayepita Njoro akielekea Molo hupita katika nchi iliyomlea binti huyo na Kibii. Kutoka kwenye injini kuukuu za baba yake hadi matangi ya Gravesend, Beryl alijifunza kwamba chombo kilichoundwa upya humtii anayekijua ndani na nje. Na hata yeye aliyekijua, tundu lisilozidi upana wa kidole lilimsimamisha kabla hajafika alikokusudia.