Ngongo Lutete, mtoto wa kuibwa mwenye aligeuka mkubwa wa bunduki

Tarehe 15 Septemba 1893, kule Ngandu kando ya mto Lomami, masoda wa Leta walimpiga risasi mtu mwenye alikuwa amewafungulia mlango wa Maniema. Jina lake Ngongo Lutete. Alikuwa na umri wa miaka kama thelathini hivi. Miezi michache mbele ya siku hiyo watu wake walikuwa wamebeba mizigo ya wazungu, wamewalisha, na wamepigana pamoja nao mpaka Nyangwe na Kasongo zikaanguka. Kisha Leta ile ile ikamfunga, ikamhukumu, ikamwua.

Wasomaji wetu wa Kasongo, Kabambare na Lusangi jina hili wanalisikia toka utoto. Wengine wanalitaja kwa heshima, wengine kwa uchungu, kufuatana na upande babu zao walikuwa wamesimama. Sisi tunapenda leo kusimulia maisha yake pole pole, juu ya sababu moja: Ngongo hakuwa mfalme wa kuzaliwa. Alikuwa mkubwa wa kundi la vijana wenye bunduki, na yeye mwenyewe alitoka ndani ya kundi la namna hiyo. Mwenye kutaka kufahamu namna gani makundi ya vijana yanazaliwa, yanakula nini, na yanaisha namna gani, maisha ya mtu huyu yanaweza kumfundisha.

Kwanza tuangalie nchi ilivyokuwa. Katika miaka ya 1860 wafanyabiashara wa pwani, wenye wazee wetu waliwaita Waarabu hata kama wengi walikuwa Waswahili weusi sawa sisi, walivuka Tanganyika wakitafuta pembe za ndovu. Nyangwe ikawa mji wao kwenye Lualaba. Ni pale, tarehe 15 Julai 1871, Livingstone aliona kwa macho yake watu wa bunduki wakifyatulia wanawake sokoni. Waliokufa siku ile, kwa risasi na kwa kuzama mtoni, walihesabiwa kati ya 330 na 400. Kisha, kufika mwaka 1875, Hamed bin Muhammed, mwenye dunia nzima inamjua kwa jina la Tippu Tip, akajenga nguvu yake Kasongo, pahali penye leo tunaita Tongoni.

Wafanyabiashara hawa hawakuwa wengi. Namna gani watu wachache waliweza kushika nchi kubwa toka Tanganyika mpaka Lomami? Jibu ni moja: walitumia watoto wa nchi yenyewe. Kijiji kikivamiwa, wazee walikufa ao walikimbia, wanawake na watoto walikamatwa. Kati ya wavulana, wenye nguvu na wenye akili hawakuuzwa wote. Wengine waliwekwa ndani ya nyumba ya bwana. Walipewa jina jipya, nguo ya pwani, lugha ya Kiswahili, na mwisho bunduki. Hawakupata mshahara. Chakula chao, mke wao, nguo yao, vyote vilitoka katika kijiji kilichofuata kuvamiwa. Walijiita Wangwana. Na neno hili maana yake ni watu huru! Wengi wao walikuwa watumwa, lakini mbele ya mtu wa kijijini mwenye mkuki tu, walijiona huru kabisa. Huko mbele, upande wa Kasai na Lomami, watu waliwaita Batambatamba, na jina hilo mpaka leo linatisha.

Njo ndani ya shule hiyo Ngongo alilelewa. Kabila lake linabishaniwa: wengine wanasema Msongye, wengine Mtetela, na Wakusu vile vile wanamhesabu kuwa wao. Tunaona ubishi huo wenyewe unaonyesha kitu. Mtoto mwenye aliibwa angali mdogo, akageuzwa jina na lugha, anakuwa wa watu wote na si wa mtu. Alikuwa mtumwa, akajionyesha hodari vitani, akapewa uhuru wake, akapanda mpaka kuwa kati ya wakubwa wa vita wa Tippu Tip upande wa magharibi. Kazi yake ilikuwa kukusanya pembe za ndovu na watu, na kuvituma Kasongo.

Katika miaka ya 1880 akajenga mji wake, Ngandu. Usifikiri kijiji kidogo cha porini. Ulikuwa mji wenye boma la miti, milango, mashamba makubwa, na watu maelfu. Wazungu wenye walipita pale waliandika kama juu ya miti ya boma kulikuwa vichwa vya watu, na wengine waliongeza hadithi za kula watu. Hadithi za wazungu wa wakati ule tunazisoma kwa uangalifu, juu walikuwa na faida ya kutuonyesha sawa wanyama. Lakini kwamba Ngongo alitawala kwa woga, hilo hata wazee wa Kisongye na wa Kitetela hawakatai. Vijiji vingi kati ya Lomami na Sankuru vilibaki matupu juu yake.

Ndani ya Ngandu, nguvu yake yote ilikuwa vijana. Wengi wao walifika kama yeye: mikono imefungwa, bila baba, bila mama. Yeye aliwalisha, aliwapa bunduki na wanawake, aliwapa na jina la kuogopwa. Hawakuwa na ukoo mwingine ila yeye. Kijana wa namna hiyo hawezi kurudi kijijini kwao, juu pengine kijiji hakiko tena, ao ni yeye mwenyewe alishiriki kukichoma cha jirani. Kundi linakuwa nyumba yake, na mkubwa anakuwa baba yake. Tusishangae basi kama walimpenda Ngongo. Mtu anaweza kuwa mwuaji kwa kijiji kizima, na akawa baba kwa wale anaowalisha.

Mwaka 1887 mfalme Leopold wa Ubeljiji alimtaja Tippu Tip kuwa gavana wa Stanley Falls, Kisangani ya leo. Amani hiyo ilikuwa ya mdomo. Wote wawili walitaka pembe moja: Tippu Tip alitaka zipite Tanganyika kwenda Zanzibar, Leopold alitaka zishuke mto Kongo kwenda Ulaya. Mwaka 1890 Tippu Tip, mtu mwenye akili, akaondoka kwenda Zanzibar na hakurudi tena. Alifia huko mwaka 1905, juu ya kitanda chake. Kasongo akamwachia mtoto wake Sefu.

Ngongo na Sefu hawakupatana. Ngongo alilalamika kama anatuma pembe nyingi na hapati malipo sawasawa. Tena mwaka 1892 masoda wa Leta, chini ya Francis Dhanis, walimpiga zaidi ya mara moja. Akapima. Upande mmoja bwana wa zamani mwenye halipi, upande mwingine bwana mpya mwenye bunduki nzuri zaidi. Septemba 1892 akaenda kwa Dhanis, akajitoa kwake na watu wake wote.

Wengine wanaita kitendo hicho usaliti, wengine wanasema alikuwa anatafuta uhuru wa kweli. Sisi tunaona jambo rahisi zaidi. Mkubwa wa kundi lenye linaishi kwa nyara anapaswa kila siku kulisha vijana wake. Siku nyara zinapungua na adui anapata nguvu, anatafuta mkono mwingine wa kumlisha. Ngongo alifanya hivyo, na wakubwa wengi wa bunduki wenye tumewaona nchini mwetu wamefanya vile vile.

Sefu alidai Leta imrudishie Ngongo. Leta ikakataa, vita vikaanza. Novemba 1892 Sefu alivuka Lomami, akapigwa vibaya, watu wake kwa mamia wakazama mtoni. Kule Kasongo wazungu wawili wa Leta, Lippens na De Bruyne, wakauawa. Dhanis akasonga mbele, na Ngongo pamoja naye. Bila vijana wa Ngongo, bila chakula cha Ngandu, jeshi dogo la Dhanis halingefika mbali. Tarehe 4 Machi 1893 Nyangwe ikaanguka, kisha Wagenia kuwavusha Lualaba kwa mitumbwi yao. Tarehe 22 Aprili, zamu ya Kasongo. Waliingia mjini wakakuta mashamba ya mpunga na ya miwa, miembe, mananasi, nyumba nzuri zenye mali ya pwani. Mji uliojengwa kwa jasho la watumwa ukavunjwa na watu wenye nusu yao walikuwa watumwa wa jana.

Ngongo akarudi Ngandu, akifikiri amepata nafasi yake. Lakini maafisa wachache wa Leta wenye walikuwa huko hawakumwamini. Walisikia maneno ya maadui zake, na maadui alikuwa nao wengi. Wakamshika kwa neno la uhaini, wakaita tribinali ya kijeshi chini ya Liyetena Duchesne. Kesi ilikuwa ya haraka, ya watu wenye woga. Ngongo alijaribu kujinyonga ndani ya kifungo, wakamkata kamba angali mzima, kisha wakampiga risasi. Dhanis mwenyewe hakukubali hukumu hiyo. Alituma neno la kuzuia, lakini neno lilichelewa. Daktari Hinde, Mwingereza mwenye alikuwa katika vita vile na aliandika kitabu juu yake mwaka 1897, naye aliona kama ilikuwa kosa kubwa.

Mwezi mmoja baadaye, Oktoba 1893, Sefu naye akafa vitani. Januari 1894 Rumaliza akashindwa upande wa Kabambare, na utawala wa watu wa pwani ukaisha. Katika vitabu vya shule vya zamani hadithi ilifungwa hapo: utumwa umekwisha, wazungu wameshinda. Kwetu hadithi haikuisha hata kidogo, juu kulibaki swali moja lenye hakuna mtu aliuliza: vijana wa Ngongo waende wapi?

Leta haikuwarudisha kwao. Iliwachukua, ikawavalisha nguo za masoda, ikawatawanya katika makambi, wengine mpaka Luluabourg, Kananga ya leo. Bunduki ile ile, mkubwa mwingine. Kule walipigwa fimbo, mshahara ulikuwa na matatizo, na moyoni walibeba kifo cha baba yao. Tarehe 4 Julai 1895 wakaasi. Walimwua Kapiteni Pelzer, wakatembea kuelekea Lomami, kwenye nchi ya Ngandu, wakiwashinda masoda wa Leta njiani. Ilibidi Lothaire aje na jeshi kubwa mwezi wa Oktoba ili kuwavunja, na mabaki yao waliishi porini miaka mingi tena.

Mwaka 1897 maasi mengine yakatokea kaskazini, katika jeshi lenye Dhanis alikuwa analipeleka Nile. Humo pia Watetela na Wakusu walikuwa wengi. Waasi hao wakashuka kusini, na mwaka 1898 wakakamata Kabambare yetu. Tazama basi: risasi moja ya Ngandu haikuleta usalama. Ilileta miaka ya vita, na watu wa vijiji, wenye hawakuwa na neno katika kesi ya Ngongo, njo walilipa. Walilipa kwa mihogo, kwa mbuzi, kwa mabinti zao.

Ngongo alituachia pia mambo yenye si ya damu. Kiswahili chetu, chenye wazungu waliita Kingwana, kilitembea katika midomo ya vijana wale wale. Walikitumia kutoa amri, kisha kununua na kuuza, kisha kuoa, kisha kubembeleza mtoto. Leo tunakiandika katika gazeti bila kukumbuka mlango kiliingilia. Dini ya Kiislamu huku kwetu nayo ilipita njia hizo hizo. Hatuwezi kukataa mababa hawa, na hatuwezi kuwasifu tu.

Wapo wenye wanataka tumfanye Ngongo shujaa wa kupinga mkoloni. Historia haikubali: alimsaidia mkoloni kuingia. Wapo wenye wanataka tumwache kama jambazi. Hiyo nayo ni nusu ya ukweli, juu jambazi huyo alitengenezwa, na watengenezaji walikula faida yao Zanzibar na Bruxelles bila kuchafua mikono.

Mwaka 1996 tuliona tena watoto wadogo na bunduki ndefu wakipita katika barabara zetu, tukawaita kadogo. Kinshasa wanalia juu ya kuluna na panga zao. Hapa Maniema ya kusini kuko bado makundi porini, na mara kwa mara tunasikia kama mkubwa fulani amejitoa, mwingine ameuawa, na watu wanapiga makofi. Sisi hatukatazi makofi. Tunauliza tu lile swali la 1893. Mkubwa akiondoka, wale vijana mia ao mia mbili wenye walikuwa wanakula mkononi mwake, nani anahesabu majina yao, nani anatafuta vijiji vyao, nani anawapa jembe ao darasa? Kule Ngandu hakuna mtu alifanya kazi hiyo, na miaka mitano baadaye bunduki zao zilisikika Kabambare.