Von Graefe, munganga aliyeona jicho linakosa damu

Albrecht von Graefe alizaliwa Berlin, Ujerumani, tarehe 22 Mei 1828. Baba yake, munganga mkubwa wa kupasua, alikufa mwaka 1840, mtoto angali mdogo. Albrecht naye akasomea uganga, kisha akaenda kuongeza ujuzi Prague, Paris, Vienna na London.

Wakati ule, mtu akipofuka ghafla, waganga walibaki kuangaliana tu. Jicho kwa nje ni zima, haliumi, kumbe ndani ni giza. Mwaka 1851 Hermann von Helmholtz akatangaza chombo cha kuangazia jicho mpaka nyuma. Von Graefe alikipokea mbio. Sasa mishipa ya damu ilionekana ndani ya jicho la mtu aliye hai, bila kupasua.

Mishipa hiyo ina njia yake. Damu inatoka moyoni, inapanda shingoni, na ndani ya kichwa mshipa mmoja unachepuka kwenda kwenye jicho. Pale kunatoka kamshipa kembamba kanakopita ndani ya neva ya kuona, halafu kanagawanyika juu ya retina, ule utando wa nyuma unaopokea mwanga. Kale kakiziba, karibu hakuna njia ingine ya kulisha upande wa ndani wa retina.

Mwaka 1859 von Graefe alieleza habari ya mgonjwa wa moyo aliyepofuka ghafla jicho moja. Alitambua kwamba kipande kilichotoka moyoni kilikuwa kimesafiri na damu, kikaziba kamshipa kale. Jicho lilizimika, lakini ugonjwa ulianzia moyoni.

Ni yeye pia aliyeonyesha, mwaka 1857, kwamba upasuaji unaweza kuokoa macho yenye glakoma. Wagonjwa walikuja Berlin kutoka inchi nyingi, na maskini aliwatibu bure. Kifua kikuu kilimuua tarehe 20 Julai 1870, akiwa na miaka 42 tu.

Somo lake lingali na kazi. Jicho likizimika ghafla, hata bila maumivu, usipake dawa ukangoja kesho. Retina ikikosa damu kwa saa chache tu, inakufa. Kimbia hospitali siku ileile, na wapime pia moyo na presha, juu huenda mshipa unaofuata kuziba ni wa ubongo.