Ahmad bin Majid: Mwalimu wa Bahari na Tuhuma Isiyo na Isnadi

  

Ndugu zangu wanafunzi, wengi wetu tulikutana na jina la Ahmad bin Majid shule ya sekondari, tena katika mstari mmoja tu: Mwarabu aliyemwonyesha Vasco da Gama njia ya kutoka Malindi kwenda India mwaka 1498. Wengine huongeza kwamba alileweshwa pombe ndipo akatoa siri ya njia. Mstari unaishia hapo, na mwanafunzi anabaki na picha ya Muislamu mlevi aliyewafungulia Wareno mlango wa bahari yetu. Mimi ninasoma masomo ya Kiislamu, na somo la hadithi limenizoeza kuuliza swali moja kabla ya mengine yote: nani amesema, na amesikia kwa nani? Nitaliuliza hapa chini, inshallah. Lakini kwanza tumjue mtu mwenyewe.

Alizaliwa Julfar, bandari iliyokuwa karibu na mji wa leo wa Ras al-Khaimah, katika miaka ya 1430. Baba yake na babu yake walikuwa watu wa kazi hiyo hiyo. Katika majahazi ya zama zile nahodha alikuwa mwenye chombo au wakili wake, mtu wa mali na biashara. Aliyejua njia, nyota na pepo aliitwa muallim, na ndilo neno letu la mwalimu. Baba yake alitunga shairi refu sana la kuongoza vyombo katika Bahari ya Shamu. Ahmad alilipokea, akalipima kwa safari zake mwenyewe, kisha akayasahihisha yaliyohitaji kusahihishwa. Hakuona kwamba heshima kwa mzazi ni kuacha kosa lake lizamishe watu.

Mwaka 866 Hijria (1462 Miladia), akiwa hajapita sana umri wa baadhi yetu hapa chuoni, alimaliza utenzi uitwao Hawiya, wenye beti zaidi ya 1,000 juu ya elimu ya bahari. Msishangae kuona elimu ya vyombo imewekwa katika beti. Waliosoma nahau kwa Alfiya ya Ibn Malik wanajua sababu: beti hukaa kichwani, na usiku wa mawimbi si wakati wa kufungua kitabu. Karibu miaka 30 baadaye, mwaka 895 Hijria, alikamilisha kitabu chake kikubwa cha nathari, Kitab al-Fawaid, chenye milango 12. Ndani yake anawataja mabingwa watatu waliomtangulia na kujihesabu yeye kuwa wa nne wao, huku akiwalaumu kwamba walikusanya habari za wengine bila kusafiri vya kutosha. Unyenyekevu haukuwa sifa yake kubwa, tuseme kweli.

Kilichonivutia zaidi kwake ni maandalizi. Kwa sisi tuliokulia kando ya Ziwa Tanganyika, chombo huondoka kikijaa. Bahari ya Hindi haikwenda hivyo. Aliyetaka kushuka kusini, kutoka Uarabuni hadi Mogadishu, Kilwa na mpaka Sofala ya dhahabu, ilimbidi aungoje upepo wa kaskazi, unaovuma kuanzia mwisho wa mwaka hadi kiasi cha mwezi Machi. Ukigeuka na kuwa kusi, njia ya kwenda imefungwa, na aliyechelewa hungoja msimu mwingine. Mwezi mwandamo haukufaa kwa hesabu hii, maana Ramadhani na Muharram huzunguka misimu yote. Kwa hiyo watu wa bahari walihesabu siku kuanzia Nairuzi, mwaka mpya wa jua. Ibn Majid anaitaja misimu ya kuondoka kwa hesabu hiyo, bandari kwa bandari.

Wakati huo wa kungoja haukuwa wa kulala. Majahazi mengi ya bahari ile yalishonwa kwa kamba za makumbi ya nazi badala ya kupigiliwa misumari, na mbao zake zilipakwa mafuta ya samaki. Kamba inaoza, mbao zinaachana. Ibn Majid anamtaka mwalimu akikague chombo kingali pwani, juu ya nchi kavu, na aandike kila aibu anayoiona, kwa sababu kikishaelea aibu hizo zitafichwa na maji. Aikague dira, ajue tabia ya chombo hicho hasa, maana hakuna viwili vinavyokwenda sawa. Awajue mabaharia wake na abiria wake, awe mpole wa maneno na mgumu wa kukesha. Anahimiza pia tohara ndani ya chombo, kwa hoja iliyonisimamisha kusoma: mtu aliye baharini ni mgeni wa Mola wake, basi na akae kama mgeni anavyokaa nyumbani kwa mwenyeji anayemheshimu.

Kisha safari yenyewe. Latitudo ilipimwa kwa vidole, kipimo cha zaidi kidogo ya digrii moja na nusu, kuangalia nyota ya Jaha, yaani nyota ya kaskazini, iko juu kiasi gani ya upeo wa bahari. Kila ukienda kusini Jaha inashuka. Ukikaribia Mogadishu imeinama sana, na ukiupita mstari wa Ikweta inazama. Hapo mwalimu asiyejiandaa amepofuka. Aliyejiandaa huhamia kwenye nyota mbili za Farqadani, kisha kwenye zile za Naashi, ambazo vipimo vyake amekwisha kuvihifadhi. Utenzi wake wa Sufaliya ni wa njia hiyo ya kusini.

Sasa turudi kwenye tuhuma. Aliyeandika kwamba Ibn Majid alilewa akawaongoza Wareno ni Qutb al-Din al-Nahrawali, mwanachuoni wa Makka, katika kitabu chake juu ya ushindi wa Waturuki Yemen. Simvunjii heshima; alikuwa mtu wa elimu. Lakini amefariki 990 Hijria (1582) na amezaliwa 917 (1511), yaani miaka 13 baada ya tukio. Wala kisa chake hakina isnadi ya kukifikisha Malindi. Kwa lugha ya darasani, habari imekatika.

Na wenyewe Wareno wanasemaje? Katika karne iyo hiyo ya 16, Barros alimwita rubani aliyepandishwa Malindi Mwislamu wa Gujarat, na jina analompa ni Malemo Cana. Malemo ni muallim, cheo cha kazi tu. Gujarat si Julfar. Ibn Majid naye wakati ule alikuwa mzee wa miaka 60 na kitu, mashuhuri bahari nzima. Kama wangempata yeye, wasingekosa kumtaja. Katika Sufaliya Wareno wanatajwa, ingawa baadhi ya wataalamu wanasema beti hizo zimeongezwa na mkono mwingine. Hata tukizikubali, hakuna ndani yake anayesema aliwaongoza.

Ipo shahidi nyingine ninayoiona nzito. Mwaka 1554 amiri wa meli za Kituruki, Sidi Ali Reis, aliandika kitabu cha bahari akitegemea maandishi ya Ibn Majid, na akamsifu kwa ukweli na uaminifu wa elimu yake. Huyu alikuwa ametoka kupigana na Wareno baharini na kushindwa. Kama kulikuwa na mtu wa kumchukia aliyewaleta, ni yeye. Hakusema neno.

Tuhuma ilipata nguvu katika miaka ya 1920, Mfaransa Gabriel Ferrand alipochapisha maandishi ya Ibn Majid yaliyokuwa Paris na kuyaunganisha na kisa cha al-Nahrawali. Kutoka hapo ikaingia vitabu vya shule, kizazi hadi kizazi, na kila mwandishi akimnakili aliyemtangulia, jambo ambalo Ibn Majid mwenyewe aliwalaumu nalo wale mabingwa watatu.

Mabaharia walikuwa na kumbukumbu nyingine. Mwaka 1854 Mwingereza Richard Burton alipanda chombo Aden kwenda pwani ya Wasomali. Chombo kilipoondoka, mabaharia walimsomea Fatiha Sheikh Majid, wakiamini kwamba ndiye aliyebuni dira. Dira ilikuwepo kabla yake. Ila Fatiha waliisoma, na tanga likapanda.